Baluku, Haikukuwa Maji

Baluku yangu,

Usicheke muandiko. Shule niliacha darasa ya ine, na tangu pale kitu yenye nimeandika sana ni "chaja iko hapa" kwa kipande ya boksi. Lakini hii maneno hakuna mutu wa kutuma, na wewe ulienda sijaisema.

Kwanza habari. Mke wako Biira iko muzima, anauza kahawa pale pale sokoni Bwera. Bendi bado inapiga. Thembo wa besi amenenepa, sasa gitaa inalala juu ya tumbo yake kama mutoto ameshiba. Solo yako sasa inapigwa na mwanaume mumoja wa Kasenyi. Vidole anazo. Lakini batu wanacheza kidogo, wanaenda kukaa. Wewe ulikuwa unawakatalia kukaa.

Ni ile sauti, Baluku. Unakumbuka siku tulienda Kasese kuichagua? Nilikusindikiza juu ya vile nilisema hakuna mutu anajua kuongea bei kama mimi. Muuzaji akapanga pedali sita kwa meza, vile visanduku vya kukanyaga na muguu gitaa ibadilishe sauti. Mimi nikapenda ile nyekundu, yenye ilikuwa inakoroma kama boda yenye imepoteza bomba ya moshi.

"Chukua hii, hata Congo watakusikia."

Ukaniambia, "Hamidu, wewe unachagua kama mutu anatafuta mbwa ya kulinda nyumba."

Halafu ukakanyaga moja moja. Unapiga noti moja, unatulia, kichwa chini, unasikiliza kitu yenye inabaki. Muuzaji akaanza kupiga miayo. Ile ya buluu, yenye imechubuka pembeni, ulipiga noti na yenyewe ikairudisha nyuma yako polepole, kama mutu anaitika toka mulima ingine. Mimi nikaenda kuchungulia nyuma ya sipika nione nani anapiga gitaa ya pili. Ile ulinichekea mpaka mwisho.

Wiki nzima ulikuwa unazungusha vile vifungo vyake tatu. Siku ulipata ile sauti, ulichukua rangi ya kucha ya Biira ukatia alama kwa kila kifungo, ukasema hapa mutu asiguse. Ukanionyesha pia kale kapicha karibu na tundu ya umeme. "Hii haili kila chaja. Katikati yake ni hasi. Chaja zako mingi ziko kinyume." Na mimi nikakujibu ile maneno yangu ya kuuzia batu njiani: "Kama inaingia, ni yake."

Ukasema, "Siyo hii."

Sasa nakuja kwa ile harusi ya Kyarumba.

Unajua vile tulipanda, vyombo yote kwa kichwa, njia imesimama kama ngazi. Mbusa, shemeji yako, ndiye alibeba mufuko wa pedali. Alitereza kwa ule muto, mufuko ukaguswa na maji, sisi wote tukaona. Tulipofika, wewe ukaenda kusalimia wazee wa bibi harusi. Mimi nikafungua mufuko. Baluku, ndani ilikuwa kavu. Biira alikuwa ameifunga na kaveera, ile mufuko ya plastiki, mara mbili. Nikakanyaga pedali, taa ikawaka, lakini dhaifu, betri imechoka. Nikasema acha nimufurahishe rafiki yangu. Nikatoa chaja ya redio kwa bidhaa yangu.

Iliingia vizuri.

Taa ikaangaza mara moja, ikazima. Nikasikia harufu kidogo. Nikachomoa, nikarudisha pedali juu ya kitambaa chake, nikaenda kusimama karibu na sufuria ya pilao kama mutu hajui kitu.

Ukakuja, ukakanyaga. Bure. Ukabadilisha betri. Bure. Ukamuangalia Mbusa mbele ya bendi yote, ukasema, "Shemeji, nilikupatia kitu moja tu." Yeye akakubali kosa, juu alijua alitereza. Na mimi mwenye mudomo kubwa kuliko wote, mudomo ikafungwa. Mbusa hakubeba tena vyombo yako. Alirudi Karusandara kwa mahindi yake, na siku tulikuzika alisimama mbali, karibu na migomba.

Ulipiga gitaa kavu, bila pedali, mpaka ukalala wodini. Na hata pale ulinifungulia mulango wa kusema kweli. Ulisema, "Hamidu, wewe unauza vitu vya umeme. Unafikiria ilikuwa maji kweli?" Nikakujibu, "Maji ya Kyarumba haipendi muziki." Ukacheka mpaka ukakohoa, nesi akanifukuza. Nilitoka nikijisifu nimekuchekesha. Ulikuwa umeniuliza, Baluku. Ulikuwa umeniuliza na mimi nikakupa mzaha.

Kisha kukuzika, Biira akanipatia ule mufuko niuze, juu mimi nauza kila kitu. Nikaipeleka kwa fundi Kasese. Akaifungua, akaangalia, akauliza, "Nani aliingiza umeme kinyume?" Kilichokufa ni kitu moja, kadogo kama punje ya muchele. Akatoa, akachomelea ingine. Nilikuwa nimeagiza chai. Alimaliza kazi chai bado moto.

Alitaka kuzungusha vifungo asikie. Nilimushika mukono kwa nguvu mpaka akaniogopa.

Biira nilimwambia siku ile ile. Akaendelea kupima kahawa. Halafu nikaenda Karusandara. Mbusa alikuwa analima. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mumatope na viatu vyangu vya kuuzia. Hakunitukana. Alisema, "Alikufa akijua ni mimi." Akapiga jembe mara mbili, tatu. Halafu akasema, "Na bendi yote ilisikia."

Ile ndiyo inaniamusha kila asubuhi.

Jumamosi tunaweka simenti kwa kaburi yako. Bendi itapiga, wa Kasenyi atakanyaga pedali yako vile ulivyoiacha, na alama za Biira. Kwa betri. Chaja zangu zote zitabaki nyumbani. Mbusa alisema atakuja, lakini hakuniambia atasimama wapi.

Pumuzika, rafiki. Dua nakuombea, hata kama yako ilikuwa kanisa. Kabla ya gitaa kulia, nitasimama pale karibu yako niwaambie batu wote haikukuwa maji, ilikuwa mimi. Najua watacheka kwanza, juu ni mimi naongea. Nitangojea wamalize kucheka, halafu niseme tena.

Hamidu wako