Dawa Hukuitia Maji, Baba

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili ulichonifundishia dini, maana Kimalagasi ndicho tulichotumia kukuita mwizi.

Unakumbuka, uhuru ukiwa bado mchanga, ulivyozunguka na bomba la dawa ya mbu mgongoni, nyumba hadi nyumba, kisiwa chetu cha Nosy Be chote mpaka Nosy Komba? Mimi nilikufulia mashati yaliyoganda unga mweupe. Mwanzoni watu walikukaribisha kahawa. Mbu walidondoka ukutani, homa ikapungua.

Kisha mbu wakarudi na homa ikarudi. Watu wakasema dawa unaiuza, unanyunyiza maji. Mkubwa wako akakuachisha kazi bila kukuuliza neno. Ulirudi nyumbani, ukakaa mkekani, ukaniambia, "Mwanangu, kipimo ni kilekile."

Nikakujibu, "Basi mbu wamesoma, baba?"

Mwaka haukuisha tukakuzika.

Sasa niko mjini Mahajanga, nimepanga mtaa wa Ampisikina. Kazi yangu ni kuwatia mbu kwenye chupa yenye karatasi iliyopakwa dawa, kungoja, kisha kuhesabu wafu na wazima. Mwezi uliopita niliomba waletwe mbu wa kwetu. Dawa ileile uliyokuwa ukinyunyiza niliichanganya kwa mkono wangu. Asubuhi wengi walikuwa wakiruka. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Nikaketi sakafuni.

Mbu hawakusoma, baba. Tangu mwanzo walikuwapo wachache waliozaliwa na miili inayoistahimili dawa, wachache mno, hakuna aliyewaona. Kila uliponyunyiza, wengine walikufa, hao wakabaki wakazaa, na fungu lao likakua. Ndivyo nasi tunavyokadiria mambo tusiyoyaona: unashika dhana kadhaa, kila ushahidi unaiongezea uzito ile iliyoutabiri na kuzipunguzia nyingine, mpaka moja inazishinda zote. Kundi la mbu lilifanya hesabu hiyohiyo kwa vifo vyake, msimu baada ya msimu, na hakuna mbu hata mmoja aliyejua. Bomba lako ndilo lililokuwa likiwapa ushahidi. Kadiri ulivyofanya kazi kwa uaminifu, ndivyo walivyozidi kuwa sugu.

Lakini linalonichosha si mbu. Kama asingekuwapo hata mmoja wa kustahimili, dawa isingekuwa na wa kumbakiza. Sifuri hata ukiizidisha mara ngapi hubaki sifuri. Nami dhana kwamba unasema kweli niliipa uzito wa sifuri. Ndiyo maana ulipokataa kula nikasema ni aibu ya mwizi. Ulipoapa nikasema wezi wote huapa. Hakuna ushahidi ambao ungenifikia. Watu wa mtaani angalau walikushuku. Mimi, binti yako, nilikwisha kukata hukumu.

Nilivuka kwenda Nosy Be kumweleza mama. Nilimweleza yote, chupa, karatasi, hesabu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Kwa hiyo sasa unamwamini?"

"Namwamini, mama."

"Mimi sikungoja mbu waniambie."

Akaendelea kuchambua. Nikamsaidia.

Nimemwandikia mkubwa wako wa zamani; hajajibu. Nitaandika tena, ingawa nguvu zimeniishia. Wewe sikuombi jibu. Pumzika, baba, na Mungu akupe radhi ambayo mimi nilikunyima.

Binti yako, aliyekufulia mashati