Kandambili ya Mama Mkwe

Shoga, uko wapi? Nimejifungia jikoni, nacheka mbavu zinauma.

Leo mama mkwe mtarajiwa kaja kumwona dada mara ya kwanza. Na tangi la choo linavuja, mchuruziko unasikika hadi sebuleni. Fundi hatumuwezi kwa bei. Dada akaninong'oneza, "Naziba mwenyewe."

Kipira cha ndani kilikuwa kimeoza. Dada kaokota kandambili kuukuu mlangoni, kakata kisigino, kachonga kipira kipya, kakipachika. Kimya. Akarudi sebuleni anatembea kama mhandisi.

Mgeni akaaga, akatafuta viatu. Kumbe mguu umemvimba, kaja na kandambili.

Kandambili, shoga. Moja haina kisigino.

Mama wa watu akaigeuza, akaitazama. "Mwanangu, panya wenu wanatumia kisu?"

Dada akakiri. "Mama, nimezibia tangi la choo."

Mimi nikaona harusi inakwenda na maji.

Mama akatega sikio. "Na limeacha kuvuja?"

"Limeacha, mama."

Akamkabidhi na ile nzima. "Jumamosi uje nayo kwangu. Tangi langu linavuja tangu huyo mchumba wako aniahidi kulitengeneza."