Sote kwa Akaunti Moja

Jumatatu, 6 Mei
Nimefika redioni, nimewasha kompyuta, nimekagua seva ya tovuti. Kazi ile ile. Matangazo ya vifo ya wiki nzima yameandikwa na mtu mmoja: "msimamizi". Hiyo ni akaunti kuu, inayoweza kuandika, kufuta, hata kuua tovuti yote. Tunaitumia watu saba. Neno la siri limebandikwa ukutani, juu ya birika. Mwezi uliopita nilimfungulia kila mtu akaunti yake ndogo. Hakuna aliyeigusa. Mama Siame, mtangazaji wetu, alinicheka. "Mwanangu, sisi ndugu hapa. Unatufungia mlango wa nini?" Nimechoka kuonekana mchoyo.

Jumanne, 7 Mei
Mkurugenzi amempa shemeji yake wa Nakonde neno la siri, aweke misiba ya upande wa Zambia. Nimemwambia ni hatari. Kasema nina roho mbaya. Sikubishana. Wa kwanza kulitoa ni mimi, nilipokuwa semina Vwawa. Nililitaja kwa simu, spika wazi, ofisi nzima ikasikia.
Mchana nimejaribu ukurasa mpya wa matangazo. Unafanya kazi.

Alhamisi, 9 Mei
Balaa. Jana jioni tovuti yetu ilitangaza kwamba Mzee Simwanza wa Ndalambo amefariki, maziko leo. Mzee ni mzima. Ndugu wamevuka mpaka alfajiri na unga, na jeneza kwenye pikapu, wakamkuta anapukuchua mahindi. Mdogo wake wa kike, anayeishi Nakonde, alisomewa tangazo akaanguka. Presha. Yuko hospitali, hasemi.
Nimefungua kumbukumbu za seva. Aliyeandika: msimamizi. Kompyuta: ile ya mapokezi, inayoachwa wazi kutwa. Basi. Hakuna zaidi.

Ijumaa, 10 Mei
Kikao. Kila mtu amekana. Mama Siame hakuniangalia. Mkurugenzi kasema msimamizi ni mimi, barua yangu ya kazi inasema hivyo.
Kisha nikakumbuka. Jumanne nilifanya majaribio pale mapokezi, kwenye tovuti yenyewe, kwa sababu akaunti kuu hainizuii kitu. Nilichukua tangazo la zamani la ukoo wa Simwanza, nikaweka jina la mzee aliyetajwa humo mahali pa marehemu, nikabadilisha na tarehe. Nadhani nililifuta. Nadhani. Au lilibaki, mtu akalikuta Jumatano akalirusha akidhani ni la kweli? Au ni mimi niliyelibonyeza litoke kesho yake? Sitajua kamwe. Kwa seva, sisi wote ni mtu mmoja.

Jumamosi, 11 Mei
Yule mdogo wake Mzee Simwanza amefariki saa nne asubuhi. Tangazo lake nimeliandika mimi, kwa akaunti yenye jina langu. Mistari mitano. Imenichukua saa nzima.
Nilibadilisha pia neno la siri la akaunti kuu. Kabla ya chakula cha mchana mkurugenzi alikuwa amelidai. Limerudi ukutani. Sina nguvu tena.

Jumatatu, 13 Mei
Wamemleta kuzikwa kwao, Ndalambo. Nimekwenda peke yangu. Mzee Simwanza alikuwa mkekani na wanaume wenzake. Nikajitambulisha. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika kwamba amekufa.
"Sijui, mzee."
Kisha akasogea kidogo, akanipa nafasi. Nikakaa.