Jinsi Baba Alivyokuwa Akijua

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Kifua kinaendeleaje, na koti umeshanunua au bado unajifanya jabali? Sisi wazima, ila magoti yanamsumbua mama. Najua hutaki kujibu barua zangu. Hii nakuomba uisome mpaka mwisho.

Baba ameachishwa kazi kwenye chumba cha kamera pale stendi.

Wanawake wauza nguo walilalamika kwamba wanaume wa chumba kile wanawachungulia wakiinama. Mkubwa wa stendi akaweka programu ya kompyuta inayowachunga hao wanaochunga kamera. Madirisha ya nyumba za jirani inayafunika kwa ukungu kwenye picha, na mtu akimwandama mpita njia kwa kamera bila sababu, picha inajifunga na taarifa inakwenda kwa mkubwa. Baba alicheka mezani, akasema mashine haiwezi kumfundisha kazi aliyozeekea.

Wiki iliyopita ikamnasa. Alikuwa anamfuata kitindamimba wetu kutoka saluni hadi duka la dawa, akiachiwa na kamera hii anadakwa na ile. Aliyefuatwa lazima aarifiwe, kwa hiyo mtoto aliitwa aone picha, nami nikamsindikiza. Tulimkuta baba ameketi palepale kwenye kiti chake. Hakubisha.

"Nilikuwa namlinda," alisema. "Hata yule mwingine nilimlinda hivihivi."

Yule mwingine ni wewe. Siku ile uliyosimama na yule fundi simu nyuma ya duka la vitabu pale stendi, baba alijua kabla hujafika nyumbani. Ukanigeukia mimi kwamba nimekuchongea, kwa kuwa siri zako zote nilikuwa nazo peke yangu. Niliapa mpaka sauti ikakauka, hukuniamini, ukafunga mzigo ukaondoka.

Nimelia sana, mdogo wangu. Na baba pia nimemlilia, usinishangae. Anashinda sebuleni, televisheni hataki iwashwe. Anatupenda, hilo silikatai, lakini hakuna siku aliyokaa nasi akatuuliza tunaendeleaje.

Jana aliniuliza unaishi wapi siku hizi. Nimemwambia sitasema mpaka wewe uniruhusu.

Mama, kitindamimba na shangazi mshonaji wanakusalimu. Mungu akutunze, akupe matembezi yasiyo na wasiwasi.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye hakukuchongea.