Gari la Maiti Lililozimika Mlangoni pa Don Milcíades

KITUO CHA POLISI, VILLA GUÁZUMA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Amaury Disla Cabreja
Umri: Miaka 23
Kazi: Karani, Chama cha Kuzikana cha Villa Guázuma
Makazi: Nyuma ya shule ya msingi, nyumba ya kupanga
Tarehe: 7 Machi 2019, saa nne asubuhi
Mbele ya: Sajenti Nereyda Quezada

Kabla sijasema lolote, afande, naomba neno hata moja la maelezo haya lisitoke nje ya chumba hiki. Naomba mlango ufungwe, na yule anayefagia ukumbini aende akafagie kwingine. Mtu nitakayemtaja ni mwenyekiti wa chama kinachoniajiri, na nyumba anayolala mama yangu ni ya kwake. Akijua nimesema nini, sitakuwa na pa kufanya kazi wala pa kulala, na hayo ndiyo madogo.

Nimeitwa kwa sababu mwenyekiti huyo, don Milcíades Tavárez, amelalamika kwamba gari la maiti la chama lilihujumiwa ili kumwaibisha. Nimeulizwa gari hilo hutunzwa vipi na kwa nini lilizimika. Nitajibu yote mawili. Lakini mkiyataka majibu hayo, mpokee na yaliyoambatana nayo.

Gari lile hutoka mara chache. Watu wa hapa hubeba wafu wao mabegani, na gari hutumika tu kwa maziko ya makaburi ya kilimani. Aliyelitunza ni fundi Eligio Peralta, ambaye ndiye baba yangu wa ubatizo. Mimi nilimsaidia kila Jumamosi, kwa kuwa banda la gari limeshikana na ofisi yangu.

Eligio alisema gari linalokaa huzeeka upesi kuliko linalotembea. Alilijaza tangi mpaka juu ili lisitoe jasho kwa ndani. Aliziba ekzosi kwa kitambaa, panya wasiingie. Matairi aliyajaza upepo kupita kawaida, na tulilisukuma kidogo ili lisilalie upande mmoja kama mgonjwa akapata vidonda. Tukiliwasha, tulilizungusha mjini mpaka injini ipate moto sawasawa. Alikuwa mkali juu ya hilo. "Ukiliwasha dakika tano ukalizima," alisema, "ni kama kumwamsha mzee usingizini ili umuulize kama amelala."

Jambo la mwisho lilikuwa koki ya kukata mafuta, ambayo Eligio aliiweka mwenyewe chini ya mlango wa dereva. Petroli ikilala ndani ya kabureta huganda. Kwa hiyo tukirudi, aliifunga koki tukiwa bado njiani, gari likamalizia petroli iliyobaki kwenye kabureta na kuzimika lenyewe bandani. Mahali alipoifungia palikuwa palepale siku zote, mbele ya nyumba ya don Milcíades, pembeni mwa kiwanda chake cha barafu. Kabureta moja ya mafuta ilitosha kutoka mlango ule mpaka bandani, na haikuzidi. Eligio alikuwa akilitania jambo hilo mbele ya mkewe, doña Fredesvinda. "Siku nikiifunga bandani," alisema, akimaanisha gari, "bibi huyu atanifia mlangoni pa don, na sijui nitamwambia nini."

Koki ikiwa imefungwa, tulifunga utepe mwekundu kwenye usukani ili dereva asisahau kuifungua.

Mnamo tarehe 23 Februari, Jumamosi, tulipofungua mlango wa nyuma wa gari tulipokewa na harufu ya kitunguu saumu. Sakafuni palikuwa na maganda yake. Afande, sisi ni watu wa mpakani. Unajua vitunguu saumu vya magendo huvukaje, na unajua askari wa vizuizi huvua kofia gari la maiti linapopita. Eligio aliokota ganda moja, akaniuliza, "Mwanangu, tangu lini marehemu akawa kiungo cha mchuzi?"

Funguo za banda tulikuwa nazo watu watatu: Eligio, mimi na mwenyekiti.

Siku hiyo hiyo don Milcíades alipita ofisini. Eligio alimwambia mbele yangu, "Don, gari hili lina abiria wa aina moja tu. Ukitaka kulipanda, subiri zamu yako. Na wanachama nitawaeleza siku ya mkutano, tarehe 10."

Don Milcíades alicheka. Alisema, "Zamu hubadilishwa, Eligio."

Mnamo tarehe 4 Machi Eligio aliitwa kutengeneza lori katika yadi ya kiwanda cha barafu. Jioni alikutwa amekufa chini ya lori hilo, na jeki imelala ubavu. Don Milcíades aliapa katika kituo hiki kwamba siku nzima alikuwa mjini Santiago na kwamba alirudi usiku. Aliaminiwa. Nilikuwa nimeketi nje pale kwenye benchi, nikamsikia mmoja wenu akimpa pole.

Tarehe 5 Machi maiti ililazwa katika ukumbi wa chama, karibu na banda. Saa tisa alasiri nilifungua koki, nikafungua utepe na kuutundika kwenye kioo cha pembeni, nikalipasha gari moto vizuri, kisha nikalizima. Nililiacha mlangoni pa ukumbi likiwa zima kabisa. Hili naliapia.

Saa kumi jeneza lilipoingizwa garini, nilimwona doña Fredesvinda akiweka shada la maua juu yake. Shada lilikuwa limefungwa kwa utepe mwekundu. Niliujua utepe ule. Vidole vyake vilinuka petroli. Alinitazama, nami nikamtazama. Dereva Quilvio alipopanda aliuangalia usukani, akaona hauna kitu, akawasha gari. Mimi sikusema neno. Kama kunyamaza kule ni kosa, liandikwe kwa jina langu, si kwa la mjane. Ningepewa nafasi nyingine leo, ningenyamaza tena.

Gari liliteremka polepole, watu nyuma yake. Mbele ya mlango wa don Milcíades lilikohoa mara mbili, likazimika.

Quilvio alijaribu stata mpaka betri ikaanza kulalamika. Bibi mmoja nyuma yangu alisema, "Eligio hataki kupita hapa." Mwingine akajibu, "Ana neno na mwenye nyumba." Wanaume walikwenda kusukuma, lakini doña Fredesvinda akawazuia.

"Muacheni apumzike," alisema. "Amemfanyia kazi don miaka yote hiyo. Don atashindwaje kumpa maji?"

Desturi yetu mnaijua. Maiti ikisimama mlangoni, mwenye nyumba hutoka na glasi ya maji. Alitoka mfanyakazi wa jikoni na glasi.

"Rudi nayo, binti yangu," doña Fredesvinda alimwambia. "Mwambie bosi wako alete mwenyewe. Eligio si mgeni kwake."

Akaketi ukingoni mwa barabara na nguo zake nyeusi. Jua lilikuwa kali. Mapazia ya ghorofani yalichezacheza. Baada ya muda akapaza sauti, "Don Milcíades! Kama maji yamekuisha, basi tuletee barafu! Unayo nyingi, na mume wangu ataniharibikia!"

Kuna waliocheka. Kisha wale bibi wakaanza kusali kwa sauti, wakiwa wameuelekea mlango.

Don Milcíades alitoka na fulana ya ndani na viatu vya nyumbani. Alipiga kelele, "Ondoeni mzoga huu mlangoni pangu! Mnanitaka nini? Nilimwambia asiingie chini kabla sijaweka gogo! Nilimwambia! Jeki iliteleza yenyewe!"

Sala ilikatika. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, nikiwa hatua chache kutoka kwake, na barabara nzima iliyasikia.

Doña Fredesvinda aliinuka, akajikung'uta vumbi. Alimuuliza kwa upole, "Ulimwambia saa ngapi, don? Ulipokuwa Santiago?"

Don Milcíades aliingia ndani na kuusukuma mlango kwa mgongo.

Mjane akaniita. "Amaury, mwanangu, hebu mtazame bibi huyu ana nini." Niliinama, nikafungua koki, nikasubiri kabureta ijae. Gari liliwaka mara ya kwanza. Watu walipiga ishara ya msalaba. Tulimzika Eligio kilimani, na shada pamoja naye.

Jana don Milcíades alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza yangu. Alisema, "Wewe kijana wa makaratasi. Shule ilikufundisha kuandika. Sasa jifunze kufuta." Tangu hapo vijana wawili wenye pikipiki hukaa mkabala na dirisha langu bila kazi yoyote.

Naogopa, afande. Lakini ni yeye aliyetaka ijulikane kwa nini gari lilizimika. Sasa ijulikane. Gari lilitunzwa vizuri na mtu aliyelijua, na lilisimama mahali ambapo mtu huyo alisema lingesimama. Halikuwa na ubovu wowote. Aliyekuwa na ubovu ni mwenye mlango. Nataka aulizwe alifanya nini yadini baada ya jeki kuteleza, na Eligio aliita mara ngapi. Nataka aulizwe akiwa amesimama, mbele ya watu, bila kupewa pole.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

Mkinihitaji, msipige simu ya ofisi. Anayeipokea ni mpwa wake. Msije nyumbani kwa mama. Mpaka tarehe 13 nitakuwa kila jioni kwa doña Fredesvinda, kwenye sala za siku tisa. Aje mtu mmoja, asiyevaa sare, aketi na wanaosali. Mimi ndiye ninayegawa kahawa. Aniombe isiyo na sukari. Hapa kwetu hakuna anayeinywa hivyo, kwa hiyo nitamjua.

(Sahihi) Amaury Disla C.

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni yake, ametia sahihi mbele yangu. Utepe haukuchukuliwa kuwa kielelezo. Umezikwa na marehemu. Jalada la kifo cha Eligio Peralta nimelifungua upya, na nakala hii naiweka mwenyewe. Jumamosi jioni sina zamu. Nitakwenda kunywa kahawa isiyo na sukari.

(Sahihi) Sajenti N. Quezada