Nundu ya Babu

Jumatatu, 4 Agosti

Naandika chooni. Melini hapa ndipo mahali pekee penye komeo.

Babu kaanguka. Nilitaka kuandika kwamba kaanguka kutoka mikononi mwangu, lakini mikononi hakuwepo — ndiyo shida yenyewe.

Ilikuwa hivi. Dada alikuwa amelala, bahari imemchafua tumbo tangu jana. Shemeji yuko chini kwenye mitambo. Yeye ni fundi wa meli hii, ndiyo maana wameturuhusu kusafiri naye likizo hii. Mimi nilikuwa nambadilisha Babu nepi kitandani kwangu. Nikageuka kuchukua vitambaa. Sekunde mbili! Nikasikia pu.

Babu ni mtoto wa Dada, ana miezi mitano na nusu. Kapewa jina la marehemu babu yetu, basi hakuna anayethubutu kumwita kwa jina. Na hajawahi kujigeuza. Kila mtu anajua hajawahi kujigeuza! Leo kajigeuza, mara ya kwanza maishani mwake, na aliyempokea ni zulia.

Alilia. Akanyamaza. Akamaliza chupa nzima. Ana nundu juu ya sikio la kushoto, kubwa kama harage. Nimemvika kofia.

Dada akauliza kutoka chumbani kwake, mnalia nini huko? Nikasema nepi.

Nepi!

Jumanne, 5 Agosti

Baharini kutwa. Nimehesabu pumzi za Babu. Anapumua.

Daktari wa meli yupo, mlango wa tatu kutoka kwetu. Lakini siku ya kwanza Shemeji alituambia: mtoto akipata hata mkwaruzo, daktari anaandika ripoti, na familia ikishaandikiwa ripoti haipandi tena. Alisema huku anacheka. Shemeji hucheka anaposema mambo ya kweli.

Kesho tunafunga gati. Nitatafuta mtu wa kumwangalia huko nje. Dada mwenyewe kaniomba nimtoe Babu matembezi kila bandari, maana kitanda chake kinatulia meli ikisimama tu, na hapo ndipo anapata usingizi. "Nenda kamwonyeshe babu yako dunia," kasema. Basi mimi ndiye mjukuu? Mimi na huyu Babu hata haieleweki nani mkubwa.

Mama angekuwepo angesema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini Mama, maradhi yenyewe si yangu!

Jumatano, 6 Agosti

Bandari ya kwanza. Gari la mtoto halipiti kwenye ngazi ya meli, kwa hiyo nilimfunga Babu kifuani kwa mbeleko. Kijana wa miaka kumi na sita na mbeleko ya maua. Mlinzi wa ngazini alitazama kadi ya Babu ya kupandia meli — kwenye picha amefumba macho — akamwuliza, mzee, unakwenda kazini saa hizi?

Nikafuata mstari wa njano kati ya makontena hadi getini. Halafu mtaa wa ngazi tupu. Ngazi sabini na nne, nimezihesabu. Kinyozi, fundi viatu, nguo zimeanikwa dirisha hadi dirisha. Babu alikuwa anatafuna kamba ya kadi na kushangaa shuka.

Duka la dawa nililipata. Nilikuwa nimeandaa sentensi zote, kwa lugha ya shule na kwa ya nyumbani. Mwenye duka akasema, ndiyo, kijana? Nyuma yangu watu wawili wanasubiri.

Nikanunua plasta.

Nina lugha mbili na aibu moja, na aibu ndiyo inayoongea kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi Dada kapiga ukelele. Nilikimbia na mswaki mdomoni. "Njoo uone! Kajigeuza! Baba wewe, kajigeuza mwenyewe!" Babu yupo kifudifudi katikati ya kitanda kikubwa, kichwa juu kama kobe.

"Ya kwanza kabisa!" Dada analia na kucheka. Kamrekodi kwa simu, kamtumia Mama, kawatumia shangazi wote.

Nikapiga makofi. Sijawahi kuichukia mikono yangu hivi.

Jambo moja silielewi. Kila nikienda kumvika Babu kofia nakuta kashavikwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Bandari ya pili. Tambarare, barabara pana, upepo wa kukung'oa masikio. Nilitembea dakika arobaini hadi zahanati. Nikaingia! Nikasimama mbele ya dirisha la mapokezi! Mpokeaji wagonjwa akauliza, wewe ni nani wake?

Nikasema, baba.

Sijui limetoka wapi. Mjomba lilikuwa ulimini kabisa, likateleza. Kina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, baba! Na ndevu ziko njiani zinakuja? Mwenzake akasema mwacheni, kawahi foleni. Mpokeaji akasema, basi baba, lete kitambulisho.

Nikatoka. Sikukimbia, lakini nilitembea kama mtu anayekimbia.

Tukakaa kwenye ngazi za soko. Njiwa akaja karibu, Babu akacheka kwa sauti, mwili mzima. Mtu mwenye kichwa kibovu anaweza kucheka hivyo? Nundu imepungua. Nadhani imepungua. Nimeigusa mara nyingi mno, sasa siijui tena.

Baadaye, kabla ya chakula cha jioni:

Ukuta kati ya vyumba vyetu ni kama karatasi. Dada alikuwa anamwambia Shemeji. Nundu kaiona Jumatano wakati anamwogesha. Anasema ni yeye. Jumatatu meli iliyumba akiwa na Babu mlangoni mwa bafu, ule mlango wa chuma, na anaamini alimgonga bila kujua. Ndiyo maana ya kofia! Wote wawili tunamvika kofia.

Shemeji kasema, mke wangu, mtoto anakula, ananenepa. Dada kasema, mimi sifai. Kama siwezi hata kupita mlangoni na mwanangu. Kasema hatamwendea daktari wa meli, hataki kumharibia mumewe kazi. Jumanne, bandari ya nne, atashuka na Babu, wapande ndege warudi kwa Mama. Shemeji kasema, na miezi yote tuliyosubiri kuwa pamoja?

Nilikuwa nimekaa upande huu wa ukuta, mkono mdomoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Baharini. Dada hakumbeba Babu leo. Alikuwa ananipa mimi kila mara. "Wewe una mikono mizuri," kasema.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 10 Agosti

Mzima! Babu ni mzima!

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Bandari ya tatu. Jumapili, maduka yote yamefungwa, mji umelala. Nilizunguka saa nzima, kila mlango kufuli. Nikarudi hadi getini nimekata tamaa, ndipo nikaona kibanda cheupe pembeni ya maghala: zahanati ya wapakuaji mizigo. Winchi hazijui Jumapili, na zahanati yao vilevile. Ndani muuguzi mmoja, mama mtu mzima, kalamu imechomekwa nyweleni, anakula chungwa. Hakuna foleni. Hakuna benchi la kina mama.

Nikasema yote kwa pumzi moja. Mimi ni mjomba wake, alianguka kitandani Jumatatu, nilikuwa naye mimi, mama yake hajui. Nilianza kwa lugha ya shule, ikaniishia katikati, nikamalizia kwa Kiswahili. Akanielewa hivyohivyo.

Akanawa mikono. Kapapasa kichwa chote, kaangalia utosi, kamulika macho, kampitishia kalamu huku na huku. Babu akaikamata akataka kuila. Akauliza kitanda kina urefu gani, nikaonyesha gotini. Chini kuna nini? Zulia. Ametapika? Hapana. Analala na kuamka kama kawaida? Anaamka kuliko kawaida!

Akacheka. Kasema siku sita zimepita, nundu inakwisha, mtoto huyu yuko sawa kuliko wewe. Keti chini. Akanipa nusu ya chungwa.

Kasema pia: mtoto akiwa juu ya kitu, mkono mmoja uwe juu yake. Hata meli ikishika moto.

Kisha akaandika barua. Ya mama wa mtoto, kasema. Nikauliza, lazima? Akaikunja, akaninyooshea. Nikaichukua.

Nje nilisahau kwamba mimi ni mwoga. Nilimsalimia kila mtu! Dereva wa foko la kunyanyulia mizigo, mfagiaji, mzee aliyekuwa anapaka rangi mnyororo. Nilimwonyesha Babu kila kitu kwa sauti, kama kichaa: ile ni winchi, ile ni nanga, yule ni paka, huyo kalala juu ya kamba za watu. Bandari tatu nimezipita na hii ndiyo ya kwanza kuiona.

Nilipopanda, Dada alikuwa ameamka. Sanduku liko wazi, nguo za Babu zimekunjwa ndani. Nikajua nikikaa kidogo tu nitanunua plasta tena.

Nikasema, dada, si mlango. Ni mimi. Jumatatu. Alijigeuza nikiwa nimempa mgongo.

Nikampa barua.

Akakaa kitandani. Akaniambia toka kwanza, nisome. Sauti haikuwa na kitu ndani yake.

Sasa nimeketi koridoni, Babu kalala kifuani kwenye mbeleko, naandika juu ya goti. Barua yenyewe ni nusu ukurasa tu. Kwa nini inachukua muda wote huu?

Bomba limefunguliwa. Limefungwa. Anapenga kamasi. Nasikia jina la babu yetu, lile halisi, muuguzi kaliandika juu ya barua, Dada analitaja polepole, halafu kama kicheko, halafu kilio, sijui. Nimeogopa, lakini nimekaa hapahapa.

Kafungua mlango. Macho mekundu. Simwangalii tena, naandika.

"Yaani," kasema. "Yaani wewe. Siku sita."

Nikainuka, nikaanza kufungua fundo la mbeleko nimpe mwanawe.

"Acha," kasema. "Utamwamsha. Ingia naye hivyohivyo."