Kaburi Nyuma ya Lipu Nyumbani kwa Sowande

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Omolabake Sowande. Umri: miaka 25. Kazi: kuuza akara (bajia za kunde) asubuhi. Makazi: nyumba ya Sowande, Itoko, Abeokuta.

Mimi ni mjane mwenye watoto wawili. Naishi katika nyumba iliyojengwa na bibi mzaa baba wa marehemu mume wangu. Gbolahan ni mdogo wa marehemu. Kwa desturi yetu namwita mume, kwa kuwa nilimkuta katika nyumba hiyo nilipoolewa. Afisa ameniuliza nina waume wangapi. Nimemjibu ndivyo tunavyoitana.

Tangu Januari Gbolahan anataka kuiuza nyumba. Kwetu nyumba yenye kaburi la mzazi haiuzwi, lakini alimwambia mnunuzi kwamba bibi alizikwa shambani. Sikujua kaburi lilipo. Sina pengine pa kuwapeleka watoto.

Mnamo tarehe 14 Februari 2019, asubuhi, nilipomaliza kukaanga, nilimleta fundi mwashi Lamidi atengeneze ukuta wa chumba changu. Una unyevu, na mtoto mchanga hukohoa hadi sipati usingizi. Lamidi alipogonga, lipu ilianguka. Nyuma yake palikuwa na mlango wa tao uliozibwa kwa matofali, umezungushiwa maua ya chokaa.

"Mama Yetunde, mlikuwa mnamficha nani humu?" Lamidi aliniuliza akicheka.

Nilimwambia afungue. Ndani palikuwa na chumba kidogo chenye vigae vyekundu, na kaburi la saruji lililoandikwa EFUNYEMI, jina la bibi. Lamidi alivua kofia.

Gbolahan aliingia, akatazama, akasema, "Ziba."

"Mume wangu, nimeshaona."

"Basi vunja kaburi," akamwambia Lamidi.

"Kaka, hata mimi nimezaliwa na mama. Vunja mwenyewe."

Gbolahan alimsukuma. Lamidi aliangukia matofali, akapasuka juu ya jicho. Hilo nililiona, na silifichi, ingawa ni mume wangu.

Kisha Gbolahan akaokota nyundo. Binti yangu Yetunde, miaka mitatu, alikuwa ameshakaa juu ya kaburi na akara yake. Ndiye msichana wa kwanza kuzaliwa nyumbani humo tangu bibi afe, ndiyo maana akapewa jina hilo, kwamba mama amerudi. Kila asubuhi Gbolahan hulala kifudifudi mbele yake, kama mwana anavyomsalimu mama yake, mtoto acheke. Siku hiyo alikuwa hajamsalimu.

"Mama, toka hapo," akamwambia.

"Lala kwanza," mtoto akasema.

Nilikuwa na mdogo wake mgongoni. Gbolahan alisimama vile vile mpaka nyundo ikamponyoka. Akalala kifudifudi kwenye vumbi la lipu. Kama alikuwa anasalimu au analia, siwezi kuapa. Yetunde alimwekea kipande cha akara karibu na mkono.

Mchana mnunuzi alikuja, akachungulia kwenye tao, akaondoka bila kuaga.

Sikuja kumfungisha mtu. Lamidi atibiwe, na tao lisizibwe tena. Niliyoyaona ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: O. Sowande

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya. Ameomba neno "shemeji" lifutwe mahali pawili na kuandikwa "mume". Nimefuta. Mlalamikiwa anasubiri zamu yake kwenye benchi la nje. Mtoto Yetunde amelala mapajani mwake.